Herufi Zina Siasa: Kwa Nini Somo la Usanifu Ninalianzia Kizimkazi

Mwezi uliopita, katika kikao cha idara yetu cha kupitia mtaala, mwenzangu mmoja ninayemheshimu alipendekeza kwamba mihadhara minne ya historia ya herufi iondolewe katika kozi ya usanifu wa michoro. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kwamba mhitimu wetu anapokwenda kuomba kazi huulizwa kama anazimudu programu za kompyuta, haulizwi kama anamfahamu Askofu Steere. Na kwamba saa hizo zingetosha kumfundisha kutengeneza nembo na mabango ya mitandaoni. Nilijibu kwa ufupi kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Makala haya ndiyo jibu langu kamili. Nayaandika hapa badala ya kuyaacha katika kumbukumbu za kikao kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu pia watumishi wa umma wanaotunga fomu, na wanaharakati wanaochapa vipeperushi, hata kama hawajawahi kuketi katika darasa la usanifu.

Vitabu tunavyotumia kufundishia taaluma hii vina njia moja iliyozoeleka. Huanza na Gutenberg na herufi zake za risasi mjini Mainz katika karne ya 15, huenda kwa wachapaji wa Venice, hufika katika shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, kisha huishia kwenye kompyuta. Sina ugomvi na historia hiyo. Naifundisha na naipenda. Tatizo langu ni fundisho ambalo mwanafunzi hulipata pasipo kuambiwa: kwamba herufi ni kitu kilichokuja melini kikiwa kimekamilika, na kazi yetu sisi ni kuchagua moja katika orodha. Ukweli ni kwamba herufi tunazoandikia Kiswahili zilijadiliwa, zikashindana, na nyingine zikashindwa, katika pwani yetu wenyewe. Asiyelijua hilo hawezi kuuliza kwa nini ukurasa wa Kiswahili una sura uliyo nayo leo.

Ndiyo maana mhadhara wangu wa kwanza huanzia Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Katika kibla cha msikiti wa kale wa pale kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa kalenda ya Miladia. Lugha yake ni Kiarabu, si Kiswahili, na huwa nalisema hilo wazi ili nisije nikadai kisicho chetu. Lakini mtazame fundi yule alivyofanya kazi. Ncha za herufi zimechipuza maua na majani, nafasi kati ya nguzo za herufi zimepimwa, na mstari mzima umefuata mpaka wa jiwe. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kwa miezi sita: umbo, nafasi na mpaka. Yalikuwa yakifanywa Unguja zaidi ya miaka 300 kabla ya Gutenberg.

Baadaye, herufi hizo za Kiarabu zilichukuliwa na kuandikiwa Kiswahili chenyewe. Zipo barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa katika nyaraka za Wareno huko Goa. Zipo tenzi ndefu zilizonakiliwa kwa mkono, na ipo misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ambayo mafundi wake waliinakshi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mtu wa pwani aliyetaka kuandika deni, mirathi au shairi hakusubiri mtu wa mbali aje kumpa alfabeti.

Hata hivyo, herufi hizo zilikuwa na upungufu wake, nao haufai kufichwa. Kiarabu hakina p wala ch, wala hakitofautishi e na i, au o na u, kama Kiswahili kinavyotaka. Msomaji alilazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Waandishi wa pwani waliutambua upungufu huo na wakautafutia dawa. Mjini Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alibuni alama za nyongeza ili herufi za Kiarabu ziweze kubeba sauti za Kimvita, pamoja na tofauti ya t ya meno na t ya ufizi, ambayo herufi za Kilatini tunazotumia leo hazioneshi kabisa. Nakala zake ni miongoni mwa zilizotuhifadhia mashairi ya Muyaka. Huyu, kwa maoni yangu, ni msanifu wa herufi kwa maana kamili ya neno hilo: aliona sauti isiyo na umbo, akaipa umbo. Sijaona kitabu cha usanifu kilichomtaja.

Upande wa pili wa habari hii ni wa wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 akachapisha sarufi fupi ya Kiswahili huko Tübingen. Aliandika kwa herufi za Kilatini, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa ya kidini: aliona kwamba herufi za Kiarabu zingeendelea kuifungulia dini ya Kiislamu mlango. Tuizingatie sababu hiyo. Hoja ya ufasaha wa kusoma ilikuwepo, lakini haikusimama peke yake. Ilifuatana na hoja ya nani awe mwalimu wa nani.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, naye alikuwa mtu wa kazi za mikono. Misheni yake ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na waliofundishwa kupanga herufi za risasi na kuvuta mtambo huo walikuwa vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Hapa huwa nasimama kidogo darasani. Miongoni mwa wapangaji herufi wa kwanza wa Kiswahili walikuwa watoto walioibwa makwao, ambao wengi wao hawakuzaliwa na lugha hiyo, wakifanya kazi mita chache kutoka katika mji uliowauza. Kazi yao tunaiona mpaka leo. Kanuni ya tahajia aliyoifuata Steere, kwamba irabu zitamkwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza, ndiyo iliyotupa ch, sh, j na y zetu. Waandishi wengi wa Kijerumani wakati huo waliandika Bagamojo na Kisuaheli. Laiti mtambo ule ungekuwa wa misheni ya taifa jingine, jina la lugha hii lingeandikwa vinginevyo.

Katika miaka ya 1880, mji wa Unguja ulikuwa na mitambo ya aina mbili. Sultani Barghash alikuwa ameanzisha matbaa yake ya herufi za Kiarabu, iliyochapa hasa vitabu vya dini na sheria kwa lugha ya Kiarabu. Kule Kiungani, misheni ilikuwa ikichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na mwaka 1888 likatoka pale gazeti la Msimulizi. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo mizani ilipoinama. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kilibaki kwa sehemu kubwa katika kalamu ya mwandishi mmoja mmoja. Kiswahili cha herufi za Kilatini kikapata risasi, karatasi na wasambazaji. Sababu nyingine ilikuwa ya ufundi mtupu. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na nafasi yake katika neno, kwa hiyo mpangaji huhitaji vipande vingi zaidi vya risasi. Na alama za nyongeza za kina Mwalimu Sikujua hazikuwamo katika makasha yaliyokuwa yakiuzwa. Maandishi yanaweza kushindwa katika historia bila kuwa mabaya. Hutosha kwamba hakuna aliyeyachongea herufi za risasi.

Kisha dola ikaingia. Wajerumani walipoitwaa Tanganyika walikuta majumbe na wafanyabiashara wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu, na mwanzoni ilibidi wao ndio wajifunze. Mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili watumishi wa kikoloni wazoee kuzisoma. Fikirini hali hiyo: ofisa wa Kaizari akihangaika na hati ya karani wa Pangani. Lakini haikudumu. Shule za serikali, ya Tanga ikiwa maarufu kuliko zote, zilifundisha herufi za Kilatini, na gazeti la Kiongozi lililoanza pale Tanga mwaka 1904 lilichapwa kwa herufi hizo. Kijana aliyetoka shule ile akawa karani, na yule aliyesoma chuoni kwa maalimu akawa mtu wa kuandikiwa.

Waingereza walikamilisha kazi hiyo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ikiwa na mamlaka juu ya vitabu vya shule: tahajia ipi, maneno yapi, lahaja ipi. Ilipoanza kazi haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Mwaka huohuo wa 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa Mombasa karatasi yake ya Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Vyombo viwili katika mwambao mmoja: kimoja kikiwa na bajeti ya serikali nne, kingine kikitegemea juhudi za mtu na marafiki zake. Hatuhitaji kushangaa ni kipi kilichoamua sura ya vitabu vya watoto wetu.

Ili mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya makoloni tu, huwakumbusha wanafunzi kwamba mwaka 1928 Uturuki, nchi huru, ilibadili herufi zake kutoka za Kiarabu hadi za Kilatini kwa amri ya sheria, na kwamba mwaka 1941 utawala wa Hitler uliziondoa kwa waraka mmoja herufi za Kigothi ambazo Wajerumani walikuwa wamechapia kwa karne nyingi. Popote dola inapogusa herufi, huwa inaamua pia nani ahesabiwe kuwa anajua kusoma.

Nililielewa hilo kabla sijasoma kitabu chochote. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nilimsindikiza bibi yangu, mzaa mama, katika ofisi moja kushughulikia hati ya kiwanja cha marehemu babu. Bibi alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kwa herufi za Kiarabu nani anadaiwa nazi, nani amezaliwa lini, na dua ya ugonjwa gani. Karani alimuuliza kwa adabu, "Bibi, unajua kusoma na kuandika?" Bibi akajibu, "Najua, mwanangu." Akapewa kalamu, akaanza kuandika jina lake kutoka kulia. Karani akaizuia karatasi. Akasema, tena kwa upole, kwamba maandishi hayo hayana nafasi katika fomu. Akasogeza kidau cha wino, akamshika bibi dole gumba, kisha akatia alama katika kisanduku cha "Hajui kusoma wala kuandika". Bibi hakusema neno. Njiani kurudi nyumbani aliniomba nimwandikie jina lake kwa "herufi za shule", na kwa siku nyingi nilimwona akilinakili nyuma ya daftari lake la madeni. Simlaumu karani yule. Alikuwa akiijaza fomu, na fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Ninayemtafuta mpaka leo ni aliyeitunga fomu.

Sasa turudi darasani, kwa kuwa mwenzangu ana haki ya kuuliza: haya yote yanamsaidia nini kijana mwenye kompyuta mbele yake?

Yanamsaidia kuiona lugha yake. Zoezi langu la pili kila mwaka ni la kuhesabu. Kila mwanafunzi huchukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili na mmoja wa Kiingereza, akahesabu herufi. Katika Kiingereza e hutangulia. Katika Kiswahili a hutangulia kwa mbali, takriban herufi moja katika kila tano, na k, m na w hujitokeza kuliko wanavyotarajia. Kisha huwaonesha mchoro wa kasha la mpangaji herufi la Kiingereza: kijumba kikubwa kuliko vyote ni cha e, na vipo vijumba vya q na x ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Kasha lile lilipimwa kwa ajili ya kinywa cha mtu mwingine, na aliyepanga Kiswahili kwa kasha hilo alikuwa akipungukiwa a kabla hajaumaliza ukurasa.

Leo risasi imekwisha, lakini kasha bado lipo, limejificha ndani ya programu. Maneno yetu ni marefu: "walipotuelekeza" ni neno moja kwetu, na kwa wengine ni sentensi. Ukiyabana katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, unapata mashimo meupe katikati ya mistari. Ukiiachia kompyuta ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, utapata "serik-ali" katika bango la serikali yenyewe, ilhali silabi zetu ni nyepesi kuzikata kuliko za lugha nyingi: se-ri-ka-li. Na ipo ritifaa, ile alama ndogo ya ng'. Msanifu huiondoa kwa sababu inamharibia nembo, bila kujua kwamba "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, na "ngoa" ni wivu. Anayeyakosea haya anafanana na karani wa bibi: ana adabu na bidii, lakini chombo anachokitumia kilipimwa na mtu asiyekuwapo.

Huwaonesha pia kwamba tumewahi kufanya vizuri, na bila kuelekezwa na chuo chochote. Chukueni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina hukaa ndani ya kijisanduku chini ya mji, kwa herufi kubwa zisizo na madoido, kwa ukubwa unaoweza kusomwa na jirani aliye upande wa pili wa uchochoro lakini usiompigia kelele mpita njia. Kanga za zamani ziliandikwa jina kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikahamia za Kilatini, wanawake wasomaji walipobadilika. Biashara ile, ikiwamo nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa ambayo jina lake la "Abdulla" bado linaonekana katika kanga, ilimfuata msomaji alikokwenda. Haikumwambia kwamba hajui kusoma. Naitaja kanga darasani kama somo la utumishi wa umma, na wanafunzi hucheka kwanza, kisha huacha kucheka.

Tuliwahi kufanya vizuri serikalini pia. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea vijijini, ilibidi watu wafikiri upya kuhusu ukubwa wa herufi, urefu wa mstari na nafasi ya picha, kwa kuwa msomaji alikuwa mkulima wa miaka hamsini aliyesoma jioni kwa taa ya chemli. Gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililokuwa likitolewa Mwanza, lilimkusudia msomaji huyo. Hilo ni tukio la usanifu lenye hadhi ya kufundishwa sambamba na Bauhaus, na baadhi ya watu waliolifanya huenda wangali miongoni mwetu, wakiwa wastaafu.

Kwa kuhitimisha, niseme ambalo silisemi. Sidai turudi katika herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zimekuwa zetu kwa matumizi, na Kiswahili kimejenga kwazo fasihi, magazeti na elimu ya mamilioni ya watu. Kuzikana leo kungekuwa kurudia kosa lilelile la kumfuta msomaji aliyepo. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba anayefundishwa kupanga maneno ya Kiswahili ajue kwamba mpangilio alioukuta uliamuliwa na watu, kwa sababu zinazotajika, na kwamba naye akikaa mbele ya kompyuta anaamua.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya kuitunga upya fomu ya zahanati. Mmoja wao aliipeleka rasimu yake mtaani kwao akawapa wazee watano waijaze. Alirudi na orodha: mstari wa jina haukutosha majina matatu, maandishi ya maelekezo yalikuwa madogo mno, na mzee mmoja aliuliza kama anaweza kuandika kwa herufi alizosomea chuoni. Katika rasimu ya pili, swali la kusoma na kuandika lilikuwa na kisanduku cha tatu: "Najua kwa herufi za Kiarabu". Nilimpa alama za juu, nikakaa na karatasi ile mezani kwa muda kabla ya kuchukua inayofuata.

Mwanafunzi huyo anazimudu programu za kompyuta vizuri kuliko mimi. Kisanduku kile hakukipata humo. Alikipata katika ile mihadhara minne. Kikao kitakaporudi mwezi ujao nitaomba ibaki, na nitakwenda na fomu hiyo mkononi.